Kahawa ya Ma Yustina na Siku Niliyoiandika Mara Tatu

Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, kisha jua dogo la saa nne. Migomba bado inadondosha maji.

Mwanangu, jana ulinionyesha tovuti unayoitengeneza, nikaona jina la mkulima umeliandika upya katika kila ukurasa. Sikuwa na hakika kama mimi niliyeishia kidato cha pili nina haki ya kumsahihisha aliyefika chuo. Leo nimeona bora niandike, wewe upime mwenyewe.

Iko Jumanne moja ambayo hainitoki akilini. Nilikuwa bado kijana, na chama chetu cha wakulima wa kahawa kilikuwa kimenipa kazi ya kutengeneza programu ya kufungua kwenye simu, ili mkulima ajue siku ya mizani, yaani siku ya kupimiwa kahawa yake, na mahali penyewe. Niliitengeneza kwa kompyuta ya kuazima. Ilikuwa na kurasa tatu: ukurasa wa matangazo, ukurasa wa ratiba, na ukurasa wa mkulima mwenyewe wenye jina lake juu. Siku ya mizani niliiandika pote patatu, kila ukurasa na nakala yake. Ikafanya kazi, nami nikatembea kifua mbele kama jogoo.

Basi barabara ikaharibika kwa mvua, lori likashindwa kupita, mizani ikasogezwa kutoka Jumanne hadi Alhamisi. Mwenyekiti alinipigia simu mapema, sitaki kumsingizia. Nikabadilisha matangazo, nikabadilisha ratiba, kisha nikaenda zangu harusini Bweranyange. Ukurasa wa mkulima nikausahau.

Ma Yustina alikuwa mjane wa Kibingo, na mavuno yake yote ya mwaka ule yalikuwa magunia mawili. Jumanne akayapakia kwenye pikipiki hadi ghala la chama Isingiro. Akakuta ghala limefungwa, na mvua ikamshukia hapohapo. Aliyafunika kwa majani ya migomba, lakini majani si bati.

Jumatano asubuhi, baada ya kusikia yaliyompata, nikaenda kwake. Kahawa ilikuwa imetandazwa uani juu ya mikeka, yeye na jirani yake, mzee tuliyemwita Ta Felisi, wakiigeuza kwa mikono.

"Shikamoo, Ma."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa Jumanne?"

"Ndimi. Ila Ma, kwenye matangazo paliandikwa Alhamisi."

Alivua miwani. "Matangazo ni ya watu wote. Mimi nilifungua penye jina langu. Waitu, mwanangu, mtu asipoamini penye jina lake, aamini wapi? Na kahawa hii ikivunda, mwaka wangu umekwisha."

Nikainama kuigeuza kahawa pamoja nao.

Akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi yetu mgeni akifika. "Tafuna kwanza. Hata aliyeninyeshea mvua ni mgeni." Akakiweka juu ya kigoda, katikati yetu. Kisha akauliza, "Unaona kila mtu nimempa kikapu chake?"

"Hapana, Ma."

"Ningewapa, ningeshinda nazunguka kuvijaza, na kimoja ningekisahau. Hiki kiko katikati, kila mtu ananyoosha mkono. Anayekijaza ni mimi peke yangu."

"Na anayekimaliza ni mimi," akasema Ta Felisi, tukacheka, hata mimi mwenye aibu.

Nilishinda pale nikiigeuza kahawa mpaka mgongo ukalalamika. Jua likatuhurumia. Alhamisi mizani iliipokea yote, isipokuwa kiasi cha debe moja kilicholowa mno. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wiki ile nikaivunja programu yangu na kuisuka upya: siku ya mizani, mahali, na jina la mkulima vikakaa mahali pamoja tu, na kila ukurasa ukawa unauliza pale. Siku ikibadilika pale, imebadilika kote. Ma Yustina aliendelea kuifungua programu ile, na imani yake ndiyo niliyoogopa zaidi kuipoteza.

Ila nikose kusema ukweli wote? Kwa furaha yangu nilivuka mpaka. Niliweka katikati kila kitu, hata maneno ambayo mtu anayaandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Mtu akitafuta "Isingiro" kwenye ratiba, anafungua matangazo anakuta "Isingiro" inamsubiri kule. Ma Yustina alipoona akaniambia, "Kikapu ni cha wote, mwanangu, lakini mswaki wangu sikuuweka humo."

Basi nasaha yangu ni hii, kama ina faida. Kitu kinachohitajiwa na kurasa nyingi, kipe makao mamoja, na kurasa zote zisome hapo. Usikipitishe mkono kwa mkono kwenye kurasa zisizokihitaji, maana njiani kitachakaa. Mlango wa kukibadilisha uwe mmoja na ujulikane, kwa kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Nasi watu wa milimani hatuna chombo, lakini tunaelewa. Na kilicho cha ukurasa mmoja, kiache kwenye ukurasa wake. Huenda chuoni wamekufundisha njia bora kuliko hii. Ikiwa hivyo, njoo unieleze, sitakasirika. Lakini kabla hujasema kazi imekwisha, fungua ukurasa ule ambao bibi wa watu ataufungua.

Mungu aibariki mikono yako, akupe jua siku ya kuanika, na kila atakayefungua penye jina lake akute kweli.

Jioni tumekula ndizi na maharage sufuria moja, chumvi katikati ya meza, na baadaye mama yako akaleta kikapu kimoja cha kahawa ya kutafuna.