Urani Chini ya Kitanda

Saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, redio ya kinyozi wetu hapa Bunia ilitangaza kwamba mataifa makubwa yameshindwa kuelewana kuhusu nchi moja ya Asia inayoshukiwa kutengeneza bomu la nyuklia. Mtaalamu mmoja alitaka ipigwe kabla haijamaliza kazi. Mwenzake alijibu kwamba mwenye bomu havamiwi, na kwamba nchi ndogo zote zimeshaliona hilo. Kinyozi alizima mashine. Kibandani pale habari husikilizwa kwanza, nywele baadaye, na mjadala humkuta mteja akiwa na nusu ya kichwa.

"Siye tungekuwa na bomu, nani angetuchezea?" alisema kinyozi.

"Weye? Wangekupa bomu leo, kesho ungeliuza sokoni Komanda," akajibu mwenye nusu ya kichwa.

Waliponigeukia, nilieleza. Mimi nauza vitabu vya mitumba, na vile visivyonunuliwa navisoma. Fizikia niliijua hivyo, sura baada ya sura. Nikasema kwamba sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza kabisa ilichimbwa Katanga, katika nchi hii hii. Nikasema ni nzito kuliko madini ya risasi, na kwamba watu huifungia ndani ya risasi ili kuzuia mionzi. Yote yalikuwa kweli.

Kwenye benchi alikuwa amekaa kaka yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita Yaya. Alinunua dhahabu kwenye machimbo ya Bambu, eneo la Djugu, miaka mingi, mpaka vita vya huko vilipomfukuza pamoja na mke na watoto. Kilichombakia ni kiwanja kimoja hapa mjini, chenye nyumba ndogo ya mbao walimohamia.

Tukirudi nyumbani aliniuliza, "Ile urani, banainunua bei gani?"

"Haina soko, Yaya. Ni mambo ya serikali."

"Kila kitu yenye bazungu banaogopa iko na bei."

Aliulizia kila mahali. Baada ya wiki chache mtu mmoja alifika kwake kwa pikipiki kutoka Komanda, akiwa na sanduku la chuma lenye ukubwa wa redio ndogo, limezibwa pande zote. Yaya aliniita. Mgeni alikuwa mpole, na alikuwa na majibu.

"Muzee, usifungue. Ile ya ndani inaua. Muzungu wa kuinunua atafika Bunia, weye utamungojea tu. Uliza mudogo yako, yeye anasoma." Akanitazama. "Nasema uongo?"

"Urani si uongo," nikasema. "Sanduku lako ndilo silijui."

Niliomba ndoo ya maji na mizani. Kitu kikijulikana uzito wake na maji kinayoyasukuma, kinajulikana ni nini bila kufunguliwa. Ingechukua nusu saa.

Mgeni alitazama pikipiki yake. "Komanda kuko mutu mwingine ananingojea."

Hapo ndipo tulipompoteza Yaya. Kule Bambu, mnunuzi anayemchelewesha mchimbaji huona dhahabu ikienda kwa jirani, na anayemuuliza mchimbaji shimo lake liko wapi amemtukana. Juu ya yote, dhahabu ya uongo siku zote ni nyepesi kuliko ya kweli. Mkono wa Yaya ulifundishwa jambo hilo maisha yake yote. Aliliinua sanduku, akalishusha, akaliinua tena, na uso wake ukatulia.

"Iko muzito," akasema.

"Yaya, hicho kiwanja ni cha watoto."

"Weye iko na maneno ya vitabu. Mimi iko na mukono."

Kiwanja kiliuzwa wiki hiyo hiyo. Yaya alipanga chumba kimoja, akaweka sanduku chini ya kitanda. Mkewe alikataa kulala juu ya kifo, akawaleta watoto kulala sebuleni kwangu. Yaya alibaki kule peke yake, akimngojea mzungu. Simu ya mtu wa Komanda haikuita tena.

Mvua zilipoanza, alinikubalia ndoo. Nilipima mara tatu. Hesabu ilitoka chini hata ya risasi tupu, na nilimwambia kwamba urani hamna kabla fundi wa kuchomelea hajakata chuma. Ndani ya chuma mlikuwa na risasi ya betri za magari, iliyoyeyushwa. Ndani ya risasi mlikuwa na saruji.

Yaya alishika kipande cha saruji muda mrefu, akikipima kwa mkono.

Kwa kinyozi mjadala unaendelea. Redioni wataalamu wangali wanabishana nani aruhusiwe kuwa na bomu na nani azuiwe. Waliomfukuza Yaya Djugu walikuja na mapanga na bunduki kuukuu. Sijawahi kusikia mtaalamu akiulizwa nani aruhusiwe kuwa na hizo. Yaya hakai tena kwenye lile benchi. Mkewe na watoto bado wanalala kwangu.

Ile risasi ilinunuliwa na mvuvi wa Ziwa Albert, kwa ajili ya vizito vya nyavu zake. Alitoa dola kumi na mbili. Kiwanja kilikuwa kimeuzwa dola elfu nne na mia tano, zote zikaenda Komanda. Hasara: dola elfu nne mia nne themanini na nane.