Mkunga wa Cibitoke na Mayai Yasiyo na Baba

Kijana yeyote wa Cibitoke mwenye kitovu kizuri, kitovu hicho kilikatwa na Mama Scholastique. Ukiona kimetokeza kama kifuniko cha chupa, jua mwenyewe alizaliwa siku mama huyu alipokuwa likizo. Mimi Népomuscène, fundi wa vitanda, makabati na chochote ambacho mbao inakubali kuwa, ni shahidi. Watoto wangu wote walipita mikononi mwake, na mimi nilipita mdomoni mwake. Mke wangu alipojifungua mara ya kwanza nilizimia mlangoni. Mama Scholastique akanivuka kama gunia, akaenda kuchukua maji ya moto, akarudi, akanivuka tena. Wanaosema nilizimia mara mbili ni waongo. Nilizimia mara moja, kwa muda mrefu.

Sasa amestaafu kazi ya maternite, yaani hospitali ya wazazi, na mkunga aliyestaafu ni mtu wa hatari mtaani, kwa sababu mikono bado inatafuta kazi. Akikukuta njiani umeshika kiuno, anakuamuru ulale chini akukague. Ndiyo maana jirani yetu mmoja, mtumishi wa serikali, alipohamishiwa Gitega akamwachia kasuku wake mdogo, wale wa kijani na njano ambao wenye Kifaransa kingi wanawaita perushi, mtaa mzima ulishukuru. Tulijua viuno vyetu vimepona.

Kasuku huyo alikuwa jike, jina lake Kazuba, yaani kajua kadogo. Mama Scholastique alimtundika sebuleni karibu na redio. Jioni nikifunga karakana nilikuwa napita hapo kunywa chai ya maziwa na kumwelimisha mwenye nyumba kuhusu mambo ya dunia. Yeye hakusikiliza. Alikuwa anampapasa Kazuba mgongoni kwa kidole, na ndege anainama, anainua mkia, anafumba macho.

"Ona, Népo. Anapenda masaji kama wazazi wangu wa maternite."

Asubuhi moja akaniita kwa sauti yake ya kazini, ile ambayo ukiisikia unatafuta beseni bila kuambiwa. Nikakimbia na msumeno mkononi. Kwenye sakafu ya tundu kulikuwa na yai jeupe, dogo kama ncha ya kidole changu cha mwisho.

"Yampayinka!" nikasema. "Nani amefanya hivi?"

"Hakuna mutu. Yuko peke yake."

"Mama, miaka yote ya maternite, ni wasichana wangapi walikwambia maneno hayohayo?"

Akanirushia kitambaa cha meza. Lakini nilimwona anachungulia dirishani, anawakagua shomoro waliokaa kwenye waya wa umeme, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta sura.

Hapo akili yangu ikaamka, nayo ikiamka haina breki. Kwetu mwanamke akijifungua watu wanakwenda kumhemba: wanabeba vinywaji, wanabeba chakula, wanamsifia mtoto hata kama amefanana na babu yake. Nikapita nyumba kwa nyumba nikitangaza. Jumapili baada ya misa sebule ikajaa. Hotuba niliitoa mimi, ndefu, tamu, kwa niaba ya familia ya baba, ambayo ilikuwa imechelewa njiani. Watu walicheka mpaka viti vikalia, na vile viti nimetengeneza mimi, havilii ovyo. Mama Scholastique naye alicheka, huku akimlisha mzazi kiini cha yai la kuku.

"Unampa amle ndugu yake?"

"Muzazi anataka nguvu. We nyamaza."

Akamtunza Kazuba kama alivyotunza wanawake wa mtaa mzima. Akamtafutia boksi la viatu vya mtoto, akalitandika kitenge, akaliingiza kwenye tundu ili mzazi apumzike mahali penye giza na joto. Asubuhi uji wa ulezi, mchana kiini. Taa inawaka mpaka sisi wenye maongezi tuchoke. Masaji juu ya masaji. Na yai lenyewe aliliondoa upesi, akalifunga kwenye kipande cha kitambaa, akalizika chini ya maua uani.

Nikamuuliza kwa nini.

"Ndani hamna mutoto. Nimuache alilalie bure? Maternite, mutoto ambaye hakupumua tulimtoa haraka, mama asimuone. Ndivyo tulivyofundishwa."

Nikanywa chai.

Baada ya siku mbili, yai lingine. Akaliondoa. Likaja lingine, akaliondoa. Yakaendelea hivyo mpaka maua ya uani yakapendeza kuliko ya paroko, na Kazuba akaanza kukonda. Ngozi iliyo juu ya mdomo wake ikawa ya kahawia, kavu, imegandamana kama uji ulioungua. Halafu ikaja asubuhi tuliyomkuta ameketi kwenye sakafu ya tundu, manyoya yamefura, macho nusu, mkia unapanda na kushuka kila akivuta pumzi. Mama Scholastique akanyoosha mikono, kisha akairudisha. Mikono ile!

"Atakufa, Népo," akasema. "Nitampoteza na sijui ninakosea wapi."

Tukapanda teksi, tundu magotini pake, mpaka kwa dokta wa mifugo. Mtu mwema, lakini maisha yake yote ameyapitisha nyuma ya ng'ombe. Alimpapasa Kazuba kwa uoga kama vile kaombwa kutengeneza saa kwa nyundo. Akasema hakuna yai lililokwama, ila chokaa yote ya mifupa inakwenda kwenye maganda. Akatoa matone ya kalsiamu.

"Tena azuiwe kutaga. Akiendelea hivi, hamalizi mwezi."

"Tumzuie vipi, dokta?"

"Hapo sasa, mama, ungeniletea ng'ombe."

Tukapitia Jabe, kwenye duka la nafaka la Moza, ambako ule ulezi wa uji ulikuwa unanunuliwa. Mama Scholastique alitaka tu kukaa kidogo. Moza ni wa familia za Waarabu wa zamani, na marehemu baba yake alifuga kasuku wa aina hii uani. Akainama, akachungulia ndani ya tundu, akaiona ile ngozi ya kahawia.

"Mama, huyu anataga sana, siyo?"

"Hapumziki. Na mi ninamtunza kama yai."

"Ana boksi la giza?"

"La kitenge kabisa."

"Anakula nini?"

"Uji, na kiini cha yai. Kila siku."

Moza akafumba macho. "Na mgongo unampapasa?"

"Anapenda sana!"

"Astaghfirullahi. Mama yangu, mgongo wa ndege jike unaguswa na dume lake tu. Huyu anajua ameolewa."

"Ameolewa na nani?"

"Na wewe."

Nilitoka nje nikacheka nikiwa nimekumbatia gunia la mchele la watu. Niliporudi, hakuna aliyekuwa anacheka. Moza alikuwa ameshika mkono wa Mama Scholastique.

"Pango la giza, chakula kizito, taa mpaka usiku, mume mwenye mapenzi. Hata mimi ningetaga. Mwili wake unaambiwa msimu umefika, zaa! Na yale mayai, unayapeleka wapi?"

"Ninamtolea. Asiumie."

"Ndiyo hapo, Mama. Ukimtolea anaona limepotea, anaweka lingine mahali pake. Muachie. Atalalia mpaka aelewe mwenyewe kwamba hamna kitu, ndipo ataamka, na mwili utatulia."

"Nimuache na kitu kilichokufa?"

"Muachie tu."

"Moza, mi nimezalisha nusu ya muji huu."

"Na mwanangu Faris yumo, Mungu akulipe kheri. Lakini sisi tulikuwa wanawake. Huyu ana mabawa."

Basi ikawa mayai yanahitajika, na yote yalikuwa yameoza chini ya maua. Nani aliyeokoa hali? Andikeni vizuri: fundi Népomuscène. La kwanza nililichonga mbao nyeupe, likatoka zuri, kubwa kama la kanga. Kazuba, pamoja na ugonjwa wake wote, alilitazama, akanitazama mimi, akapanda juu yake akalinyea. Nikachonga mengine madogo, nikayapiga msasa mpaka mwenyewe nikashindwa kuyatofautisha na la kweli. Akayasogeza kwa mdomo, akayakusanya chini ya tumbo, akatulia.

Boksi likatupwa. Uji ukakatwa, zikabaki nafaka kavu kidogo, lengalenga, yaani mchicha, maganda ya yai yaliyosagwa, na yale matone. Jua likizama tundu linafunikwa shuka, redio inazimwa, na mimi nafukuzwa na chai yangu nusu kikombe. Hayo yote Mama Scholastique aliyaweza. Kilichomshinda ni mgongo. Kazuba akiinuka kula, alikuwa anasogea kwenye nyaya na kumwinamia, mkia juu, anangoja kile kidole. Mama Scholastique akawa anaikalia mikono yake. Namaanisha kweli: aliisukuma chini ya mapaja, akaikalia, akanigeukia na kunigombeza mimi kwa jambo lolote lililo karibu.

Siku moja hakunigombeza. Alikuwa anamtazama tu ndege aliyelalia mbao zangu.

"Kuna mama mumoja aliniomba amuone mutoto wake," akasema. "Alinishika nguo. Nikamwambia apana, ni kwa faida yako." Akaichomoa mikono chini ya mapaja, akaitazama. "Sikumuuliza kama kweli ilikuwa faida."

Nikamwambia alifanya alivyofundishwa. Akasema anajua. Akainuka, akashusha shuka.

Wiki zikapita. Mtaa mzima ulikuwa unauliza habari za tumbo moja. Kisha asubuhi moja nikasikia makelele, nikaingia bila kubisha. Kazuba alikuwa juu kabisa ndani ya tundu, manyoya yamebana mwilini, anawatukana shomoro wa kwenye waya. Mayai yalikuwa chini, peke yake, yamepoa. Mama Scholastique hakuyagusa. Akangoja siku kadhaa nyingine, aone kama atarudi kuyalalia. Hakurudi. Lingine halikuja. Ile ngozi juu ya mdomo ikaanza kupauka na kulainika, naye akala lengalenga kama mbuzi.

Ndipo akaniita, safari hii kwa sauti ya kawaida.

"Népo, uyatoe. Mi nimetoa ya kutosha."

Nikaingiza mkono taratibu, kifundi, namsemesha Kazuba kwa maneno matamu ambayo hata mke wangu hajawahi kuyasikia. Nikayachukua yote. Nilipokuwa nautoa mkono, ndege aliyekuwa anakufa akanirukia, akaning'ata kidole gumba, akaning'inia hapo kama pini ya nguo. Damu! Nikapiga ukelele ambao majirani bado wanauiga.

Mama Scholastique alikuja mbio. Akamshika Kazuba kwa upole, akamfungua mdomo, akaukagua juu na chini, asije akawa ameumia.

"Una nguvu," akamwambia. "Asante Mungu, una nguvu."

Kisha akanivuka mimi, niliyekuwa nimekaa chini kidogo, akaenda kuleta maji.