Mtu wa Nane

Naserian amerudi nyumbani, juu ya Ngaramtoni, akiwa na pua iliyobabuka. Ukimwuliza imekuwaje, atakwambia ni jua la barafuni, na usipomwamini shauri yako. Kila Novemba anaondoka kwa miezi mitatu kwenda kusini kabisa mwa dunia kurusha ndege ndogo ya wanasayansi, ndege ambayo chini ya magurudumu yake imefungwa mbao za kutelezea kwenye theluji. Kule hakuna mti wala nyumba, na Desemba jua halizami. Miezi mingine utampata uwanja wa ndege wa Kisongo, akipeleka watalii Serengeti na kufukuza pundamilia kwenye njia ya kutua. Majirani wanasema binti huyu hapendi kwenda mahali penye watu wa kumkaribisha chai.

Baba yake, Mzee Loserian, ni mfugaji na mzee wa kanisa la Kilutheri, na katika boma lake hakihesabiwi kitu chenye pumzi. Si ng'ombe, si mbuzi, si watoto. Kuhesabu ni kuita mkosi. Jioni mifugo inapoingia yeye anasimama langoni akitazama tu, halafu anauliza, "Yule mwenye baka begani yuko wapi?" Na kweli utakuta hayupo. Afisa mifugo alipokuja kuandika idadi, mzee alimjibu, "Wapo wa kutosha," yule bwana akajiandikia anachojua mwenyewe.

Naserian aliyacheka mambo hayo tangu alipoingia chuo cha urubani. Ndege haina habari na baka begani. Inataka namba: mafuta kiasi gani, mzigo kiasi gani, vichwa vingapi. Akawa mtu wa namba kwelikweli, hata akija likizo anahesabu wajukuu wa boma kwa kidole, bibi zao wakiziba macho. Mama yake alimtania, "Mwacha mila ni mtumwa."

"Yeyo," akamjibu mama yake, "mtumwa mwenye leseni."

Basi Januari hii alitumwa pamoja na rubani mkuu, Mnorwe mmoja aitwaye Hans, kwenda kuhamisha kambi ya watafiti wanane. Dhoruba ilikuwa inakuja. Kule wingu likishuka, mbingu na ardhi vinakuwa kitu kimoja cheupe, na rubani hajui kama yuko juu au anakwenda kujigonga. Redio iliwapa nusu saa. Baada ya hapo hakuna ndege kwa siku nne, labda tano. Kwa hiyo kila kitu kikabebwa mbio mbio: mahema, majiko, chakula, mpaka mwiko wa mwisho. Ambaye angebaki pale asingekuwa na hata turubai la kujifunika.

Watu wote walivaa koti jekundu la aina moja, kofia zimeshushwa mpaka kwenye nyusi. Naserian alipanda wa mwisho, akafunga mlango, akasimama nyuma ya viti, akahesabu kwa kidole. Nane. Akatia alama kwenye karatasi. Kumbe kofia mojawapo ilikuwa ya Hans mwenyewe, aliyekuwa ameinama katikati ya abiria akikaza mkanda wa mizigo. Alipomaliza alikwenda mbele, Naserian naye akapita kukaa kiti chake cha kulia, roho kwatu.

Injini zikawaka, ndege ikaanza kuteleza. Naserian akageuka kuwatazama abiria, akaona kuna kitu hakijakaa sawa. Safari hii hakuinua kidole. Aliwapitia kwa macho, mmoja mmoja. Yule wa kukohoa, yupo. Yule wa glavu yenye kiraka, yupo. Yule mama mrefu, yupo. Na yule kijana wa nyimbo, ambaye hawezi hata kunywa uji bila kuimba?

"Hans, simamisha."

"Kwa nini? Si umehesabu?"

"Nimehesabu. Wanane."

"Sasa?"

"Brian hayupo."

Hans alitazama wingu. Lilikuwa limeshameza kilima cha mbali. "Theluji hii ni laini, Naserian. Tukisimama tunaweza kunasa, tukabaki wote. Wanane ni wanane."

"Nimekosea. Kosa ni langu, nitalibeba mimi. Simamisha ndege!"

Hans alitukana kwa lugha ya kwao, lakini alisimamisha. Naserian aliruka chini akakimbia kurudi palipokuwa na kambi, viatu vizito kama ndoo za maji, akiomba kwa Kimaasai maana Kiingereza kilikuwa kimemtoka kichwani chote. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na uwanda mweupe, na shimo ambalo watafiti walikuwa wamelichimba, refu kupita kimo cha mtu, la kupimia matabaka ya theluji. Akalala kifudifudi ukingoni, akachungulia.

Brian alikuwa chini akikwangua ukuta kwa kisu, akiimba.

"Mmeshawasha?" aliuliza. "Nilidhani mnapasha moto injini tu. Nipe dakika mbili nimalize."

Naserian hakumpa hata moja. Alimvuta kwa ukosi kama anayevuta ndama kutoka mtaroni. Alisikia furaha, na papo hapo alitamani kumzaba kofi. Waliruka, wingu likiwa nyuma yao tu. Brian alilala usingizi njia nzima. Walipotua, Hans alisema, "Wa nane nilikuwa mimi," akachukua ripoti ya kosa lile, akaandika jina lake chini ya la Naserian.

Nyumbani Naserian alimsimulia baba yake huku akiogopa. Alijiandaa kuchekwa, au kuambiwa, "Si nilikwambia?" Mzee hakucheka. Aliuliza jambo moja tu.

"Mama yake anajua?"

"Hajui, baba. Hata Brian mwenyewe sidhani kama alielewa."

Mzee akanyanyuka, akaenda kwa mbuzi wake.

Jumapili baada ya ibada, watu walipokusanyika nje kwa mnada wa sadaka za mazao na mifugo, Mzee Loserian alisimama mbele akiwa ameshika beberu mkubwa. Mchungaji akamwuliza shukrani ni ya nini.

"Ni ya kijana wa watu, anaitwa Brian," alisema. "Alisahaulika mahali pabaya, akakumbukwa. Kwao hakuna aliyejua kwamba amesahaulika, kwa hiyo kwao hakuna aliyeshukuru. Nikaona nishukuru mimi kwa niaba ya mama yake."

Naserian hakuwa amelia tangu siku ile ya Januari. Alilia hapo, mbele ya usharika mzima, kwa sauti, wala hakuona haya.