Kwa Nini Gati Ndiye Apande Farasi?

Werema alikuwa na wana wanne na farasi mmoja.

Wanawe wote alishawapiga marufuku kumsogelea yule farasi. Aliyemtaka juu ya mgongo wake ni Gati, binti wa mdogo wake. Miaka mitano tu.

Hebu jiulize. Kwa nini?

Robi, mama yake Gati, alijiuliza hivyo hivyo, tena kila siku. Robi ni bibi yangu, na Gati ndiye aliyenizaa. Ninachoandika hapa nimekisikia kwa wenyewe, jikoni, sufuria likiwa motoni.

Ilikuwa miaka ile watu wa huku Tarime wametoka kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Nyumba zimepangwa mstari. Kengele ikigongwa, shamba la kijiji. Petroli ndiyo usiseme, unaitafuta kwa tochi.

Werema alirudi kutoka Kenya, alikokuwa akitunza farasi wa mzungu mmoja. Mzungu alipohama akamwachia mmoja. Watu wakatoka majumbani kumtazama. Punda walishawazoea. Farasi? Hapana.

Haukupita muda, Werema akafika kwa mdogo wake Mokami, baba yake Gati.

"Shemeji," akamwambia Robi, "nataka nimfundishe Gati kupanda farasi."

"Gati? Huyu anayeanguka kwenye kigoda?"

"Wazungu wanaanza na wadogo zaidi ya huyo."

"Na wanao je?"

"Wale wazito, shemeji."

Wazito! Kitinda mimba wake alikuwa na miaka saba na mbavu unazihesabu.

Robi akamgeukia mumewe. Mokami akajibu upesi mno: "Mtoto yuko tayari, mama Gati. Mtazame miguu ilivyokomaa."

Miguu! Robi alikuwa anawaza kichwa, si miguu. Gati ukimuuliza umechoka, anasema ndiyo. Ukimuuliza hujachoka, anasema ndiyo. Mtoto ambaye hajui kusema naogopa, akiwa juu ya mnyama utajuaje kama anaogopa?

Lakini kaka mtu na mdogo mtu walishakubaliana. Mafunzo yakaanza uani.

Robi akaacha kila kitu, akawa anakaa mlangoni na kutazama.

Werema anashika kamba upande wa kushoto. Sawa. Lakini Mokami, mwanaume ambaye hajawahi kumshika mtoto mkono hata kwenda naye kanisani, anatembea kulia kwa farasi mwanzo mwisho. Hatoki. Mtoto wa jirani akikatiza upande ule, anafukuzwa kwa ukali.

Kuna kitu hapa, Robi akajisemea.

Kisimani akamkuta Agustina, mke wa Werema. Mwanaye wa pili, ambaye Robi hakuwa amemwona tangu farasi aje, mkono ulikuwa umefungwa vijiti.

"Pole, Agustina. Imekuwaje?"

"Alianguka mwambani."

"Mwamba upi?"

Agustina akainama kwenye ndoo. "Mwamba ni mwamba, Robi. Chota maji twende."

Mchana mmoja wanaume wako mkutanoni, Robi akachukua majani ya viazi, akamwendea farasi alipofungwa.

Akatokea kushoto. Farasi akageuka, akala vizuri tu.

Akazunguka kulia, akamnyooshea majani mengine. Farasi kimya, kama hakuna mtu. Akamgusa shingo.

Aisee! Yule mnyama aliruka, nguzo ikang'oka. Robi alijikuta amekaa chini.

Jioni akamwambia mumewe, "Yule farasi ana kasoro."

"Una wivu na kaka yangu, basi."

"Gati hapandi tena."

Mokami akanawa mikono, akaanza kula. Robi akadhani yameisha.

Siku ya mnada, Robi alitoka shamba la kijiji, akakuta nyumba kimya. Akaita Gati, wapi! Jirani akamwambia, "Baba yake kamchukua. Wameelekea mnadani na farasi."

Jembe liliangukia pale pale. Robi akakimbia.

Mnadani akasikia sauti ya mzee Sadick, mfanyabiashara wa ngozi kutoka Mugumu. Gari lake lilikuwa limelala kwa kukosa petroli, akawa anatafuta cha kupanda.

"Mimi nyonga yangu mbovu," alikuwa akisema. "Sitaki kugombana na mnyama. Nilisema nataka mpole, hata mtoto ampande."

"Si huyo hapo mtoto," akajibu Werema, akicheka.

Gati alikuwa juu, mikono yote miwili imekamata manyoya ya shingo, midomo imekauka. Mokami yuko kulia, kama kawaida yake.

Robi hakupiga kelele. Alipita kushoto taratibu, akamshusha mwanaye. Akazunguka, akamsukuma mumewe pembeni, akavua kanga ya begani na kuipunga mbele ya jicho la kulia la farasi.

Jicho halikupepesa.

Mzee Sadick akasogea, akaangalia kwa makini. "Kumbe hili limekufa! Na mmempandisha mtoto?"

Werema akapandwa na hasira, akamgeukia mdogo wake.

"Mura, mdogo wangu, si nilikwambia mkeo asijue? Nilikueleza kila kitu siku ile mwanangu alipovunjika mkono!"

Robi aligeuka kumtazama Mokami.

Kumbe alijua. Alijua tangu mwanzo. Alikuwa ameahidiwa mtamba farasi akiuzwa.

Siku hiyo hiyo Robi alimbeba Gati mgongoni, akaenda kwao Ringwani. Mokami akamfuata. Akafukuzwa. Akarudi tena. Mara ya tatu Robi akatoka nje kumsikiliza.

"Ulitembea kulia ukijua anaweza kufa," Robi akamwambia.

"Nilitembea kulia ili asife."

"Ungemshusha, Mokami."

Mokami, mwanaume wa Kikurya, mbele ya mkwewe aliyesimama mlangoni, akalia.

Robi alirudi msimu wa kupanda uliofuata. Hakurudi kwa sababu ya machozi. Alirudi kwa sharti kwamba jambo la mtoto haliamuliwi bila yeye, na Mokami alilishika hadi anaingia kaburini.

Farasi naye mzee Sadick alimchukua kwa kubadilishana na baiskeli, akamwendesha mwenyewe, jicho akilijua. Gati alipofika miaka kumi na moja akaomba kwenda Mugumu kujifunza. Aliomba mwenyewe. Bibi alikubali kabla hajamaliza sentensi.

Wazazi wenzangu, mtu akikwambia mwanao yuko tayari, iwe kwa farasi, kwa shule ya mbali au kwa chochote, usianze kumpima mtoto. Angalia kwanza ni nani mwenye haraka, na anakimbilia nini.