Korosho Nisizokula

Maganda ya korosho yakiungua hutoa moshi mzito unaokaba koo na kung'ang'ania kwenye nguo hata ukizifua. Wenzangu wa Masasi wakiusikia moshi ule hukumbuka utamu. Mimi huanza kuwashwa. Nakasirika pia, msinicheke, maana kesi yangu ilikwisha zamani na sikushinda.

Nilikuwa darasa la tatu. Baba alifundisha shule huko Newala, na mwaka ule maji yalikuwa yameadimika hadi mama akawa anatuosha uso kwa kitambaa kibichi. Likizo ilipoanza nikateremshwa Lisekese kwa mdogo wake mama, Mama Editha. Mama mdogo alikuwa mkarimu, mwepesi wa mikono, na hakuna tatizo lililowahi kumkosesha jibu.

Asubuhi moja niliamka koo linaniuma. Mama mdogo alishusha kopo la kakao kutoka juu ya kabati. Ndani yake mlikuwa na vifungo, uzi, na vidonge vya nusu nyekundu nusu nyeusi vilivyobaki baba mdogo alipong'olewa jino. Pale nyumbani viliitwa rangi mbili. Kidonda, rangi mbili. Tumbo, rangi mbili. Kuku akizubaa, naye alionjeshwa. Mama mdogo alifungua kimoja, akamimina unga wake kwenye uji wangu, ukawa mchungu usiosemeka.

"Kunywa, koo litanyooka."

Jua halijafika utosini nilikuwa najikuna kama mbwa mwenye viroboto. Vipele vikubwa vilinijaa tumboni na mapajani, na mdomo wa juu ukavimba. Sasa, kwetu kila mtu anajua mafuta ya ganda la korosho yanavyomwasha na kumvimbisha mtoto anayeipasua mbichi kwa meno. Mama mdogo alinitazama, akashika kiuno.

"Umepasua korosho za nani?"

"Sijapasua, mama mdogo."

"Kwa hiyo mdomo huo umevimba kwa kusali?"

"Mbona hata tumboni nina vipele?"

"Si ndiko ulikozificha, ndani ya gauni!"

Nikaburutwa hadi kwa jirani, Babu Klementi, aliyekuwa ameanika korosho zake uani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Nikaambiwa niombe msamaha. Nikasema sikula. Nikafinywa. Nikaomba msamaha kwa korosho ambazo hata kuzigusa sikuzigusa, na Babu Klementi akacheka hadi akakohoa.

"Mwizi wa korosho hahitaji shahidi," alisema. "Mdomo wake unatosha."

Nililia kwa hasira, na machozi yenyewe yakahesabiwa kuwa majuto.

Kesho yake mama mdogo alinionea huruma. Akafungua rangi mbili nyingine, akaitia kwenye uji, "ikaushe na hivyo vipele." Sikuumaliza ule uji. Macho yalivimba yakafumba, ulimi ukawa mzito kama wa mtu mwingine, na kifua kikaanza kupiga filimbi. Mama mdogo alipiga yowe. Bodaboda wa jirani akaja mbio, nikabanwa katikati, na njia nzima hadi Masasi nilisikia sauti ya mama mdogo sikioni mwangu ikimwomba Mungu. Siku ile alinipenda sana. Hilo sitamnyima.

Hospitalini daktari, dada mmoja kijana, aliniwekea kifaa kifuani huku akiuliza.

"Amekula nini?"

"Korosho, daktari. Za wizi."

"Amepewa dawa yoyote?"

"Hapana. Hakuna dawa."

Jamani! Nilitaka kupiga kelele, lakini ulimi ulikuwa umejaza kinywa. Nilimshika daktari mkono wa koti, nikavuta. Mama mdogo akanibandua vidole, akaniambia nitulie, nisimsumbue mtu na kazi yake. Nikashika tena, nikasukuma maneno yapite yalipoweza.

"Angi bili."

Daktari aliinama. "Rangi mbili?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Hakuuliza zaidi. Nilichomwa sindano ya paja, nikawekewa hewa puani, na polepole kifua kikafunguka.

Nilipopata nafuu daktari alitueleza kwamba vile vidonge ni vya jamii ya penisilini, na mwili wangu unaikataa. Popote nitakapotibiwa, nitangulie kusema. Dawa iliyobaki ya mtu mmoja haimfai mwingine, na koo lile pengine halikuhitaji dawa ya namna hiyo hata kidogo. Mama mdogo aliitikia kila neno, "Ndiyo, daktari."

Baba aliposhuka kutoka Newala kunichukua, alisimuliwa yote.

"Ila na korosho alikula," mama mdogo akamalizia.

Baba alinitazama kwa huzuni. Aliamini. Na Babu Klementi, hadi anazikwa, aliniita "mwizi wangu."

Kwa miaka mingi niliamini mama mdogo alimdanganya daktari kwa kuogopa lawama. Jambo hilo liliniuma kuliko vipele. Mwaka jana nilikwenda kumsalimia, tukiwa tunachambua mbaazi, nikaona heri nimuulize.

"Mama mdogo, kwa nini siku ile ulisema hukunipa dawa?"

Aliacha kuchambua. Alishangaa kweli, uso wake hauna hila.

"Dawa? Dawa gani? Si ilikuwa rangi mbili tu?"

Kumbe kwake dawa ilikuwa kitu unachopewa na daktari, ukaambiwa na namna ya kumeza. Kilichotoka kwenye kopo lake kilikuwa kitu cha nyumbani, kama chumvi. Tangu hapo, nikiitwa na jirani kumwangalia mtoto mgonjwa, sitaji neno dawa. Nauliza amemeza nini, na nini kimetiwa kwenye uji wake. Maana siku ile daktari aliuliza vizuri, mama mdogo akajibu ukweli wake wote, na mimi nilikuwa nakufa katikati yao.