Kondoo Kwenye Mkanda wa Fortunato

Vijana wa kisiwa kile waliogopa vitu viwili tu: radi, na jagi la Fortunato Yukra. Radi ina adabu zake, hupiga mara moja ikaenda zake.

Jagi lenyewe lilikuwa la udongo, limemeguka mdomo, na wala halikuwa na kosa. Mila ndiyo iliyolitwika kazi hiyo. Kisiwani humo, ziwa limekizunguka pande zote na mawingu yamekikalia kichwani, wanawake hufuma vitambaa kwenye mtande na wanaume hufuma kofia kwa sindano. Mvulana hushikishwa sindano tano nyembamba kabla hajaacha kukojoa kitandani. Siku akitaka mke, hupeleka kofia ya mkono wake kwa baba wa msichana. Baba huigeuza mdomo juu, huimiminia maji, kisha kijana huzunguka nayo ua mara tatu. Ikiwa uzi umesokotwa ukasokoteka, na vitanzi vimebanana kama punje za muhindi kwenye gunzi, haivuji. Baba huyanywa yale maji, na harusi hupangwa. Ikivuja, kijana huivaa vivyo hivyo, akarudi kwao maji yakimtiririka masikioni, na mbwa wote wa njiani wakajua yaliyompata.

Akina baba wengine walikuwa na huruma. Walimimina nusu kikombe, wakageuka kutazama kondoo. Fortunato alimwaga majivu ua mzima, akayasawazisha kwa ufagio, ili tone moja tu likianguka lionekane. Akapiga magoti na kuyafuata majivu kama anayetafuta sindano iliyopotea. Kwa namna hiyo aliwarudisha vijana watano waliomtaka binti yake Eulalia. Mmoja wao alihamia ng'ambo akawa mchuuzi wa ndoo, na watu walisema si bure.

Juu ya mlango wake ilining'inia kofia yake mwenyewe ya posa, nyekundu iliyoiva kwa wale wadudu wanaokwanguliwa kwenye dungusi kakati na kusagwa. Miaka thelathini na mmoja, wala haijachuja.

"Mnaiona hiyo?" aliwauliza vijana, tumbo mbele. "Ziwa lote lingelala humo hadi asubuhi."

Ilikuwa kweli tupu. Kasoro ni moja tu: hakuifuma yeye.

Fortunato hakujua kufuma. Vidole vyake vilikuwa vinene, vya kuvuta kamba za mashua, na kila alichokianza kiligeuka wavu. Alipompenda Basilia, kofia tatu zilimvujia kwa siri nyuma ya zizi. Ya nne hakuithubutu. Alivuka ziwa akamwendea Krispin, mnunuzi wa sufu sokoni ng'ambo, akambembeleza amtafutie fundi. Malipo yalikuwa kondoo mmoja mwenye sikio jeusi. Kofia ikaja, maji yakakaa, Basilia akaolewa, na siri ikazikwa. Tangu hapo Fortunato hakuonekana uwanjani bila sindano na soksi mkononi. Ilikuwa soksi ile ile. Anafuma safu mbili, anatikisa kichwa, anafumua. Watu wakasema huyu ni mtu wa viwango.

Basilia naye hakuwa na maneno mengi. Mwaka wa harusi alimfumia mkanda, kama afanyavyo kila bibi harusi pale. Alitandika mtande ardhini, akaufunga kwenye vigingi vinne, akapitisha mshindio na kuugonga kwa mfupa uliochongwa wa mnyama lama mpaka kitambaa kikawa kigumu kama ngozi. Upande wa ndani aliweka nywele zake mwenyewe, alizozikata na kuzisuka. Upande wa nje alifuma picha za mwaka wao: mlima, nyota, samaki, mtu akivuta mnyama kwa kamba, na mbele yake umbo lenye vijimiguu.

Fortunato aliuvaa kila sikukuu. Wageni walipouliza, alijua kueleza.

"Huyu ni mimi na mbwa wangu. Na huyu hapa buibui, ishara ya bidii."

Wanawake wa kisiwani walimsikiliza, wakainamisha vichwa, wakapaliwa na kikohozi. Alidhani ni vumbi.

Sasa basi, ikafika siku ya Nemesio Wata.

Nemesio ndiye aliyekuwa amefuma soksi yenye visigino viwili, nayo ikatembezwa kijiji kizima ili watu wapate afya ya kicheko. Kijana mwema, mkweli hadi kero, lakini mikono yake na sindano walikuwa maadui. Eulalia alimtaka yeye tu. Alikwishawaambia wazazi wake kwamba akirudishwa na huyu, hatatazama tena kofia ya mtu, atazeeka na kondoo. Kwa hiyo ua ulijaa. Wanaume walibadilishana majani ya koka ya kutafuna kutoka mifuko yao, wanawake wakakaa ukutani wakizungusha pia za kusokotea uzi, na jirani yao Sabina alikuja na kigoda kabisa.

"Umeleta taulo, Nemesio?" aliuliza baba mmoja.

"Mwache," akasema Sabina. "Ana visigino viwili, atakimbia haraka."

Fortunato alipokea kofia bila kuitazama, akamimina jagi zima mpaka ukingoni. Nemesio akaanza kuzunguka, midomo imempauka. Raundi ya kwanza watu walicheka. Ya pili wakapunguza. Ya tatu palisikika mbwa tu akijikuna.

Fortunato alipiga magoti. Akafuata majivu kona hadi kona. Makavu! Hata mate ya sisimizi hayakuwemo. Akainuka amepauka magoti, hajui aweke wapi uso wake.

"Maji yako hayo, mzee," Nemesio alisema.

Fortunato aliinama anywe, na hapo ndipo macho yalipomtoka pima. Ndani kabisa, chini ya maji, aliona pale kofia inapofungwa. Wanaume wote wa kisiwani hufunga vitanzi vya mwisho kwa kuvizungushia kulia. Hivi vilizungushwa kushoto, kisha vikabanwa kwa fundo dogo jeupe kama punje ya nafaka ya kinoa. Duniani alikuwa ameona kofia moja tu iliyofungwa hivyo. Nayo ilikuwa juu ya mlango wake.

Na Krispin alikufa miaka kumi na miwili iliyopita.

"Naingia ndani mara moja," akasema. "Nataka kuiona vizuri kwenye taa."

"Mchana huu?" Sabina akauliza.

Aliingia na kofia ameikumbatia kama mtoto mchanga, Basilia nyuma yake.

"Mama Eulalia," alinong'ona, meno yakigongana, "Krispin amefufuka."

"Krispin yupi?"

"Yule wa sufu. Ametuma kofia kutoka kaburini. Tazama fundo!"

Basilia hakutazama. "Krispin hakujua kufuma hata utambi wa taa."

"Wewe umejuaje kama..." Akajiziba mdomo, amechelewa.

"Baba Eulalia, yule kondoo alikuwa na sikio jeusi."

Fortunato alihisi ardhi ya nyumba yake inateleza. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kumtamkia mtu sikio lile.

"Ulimwona wapi?"

"Nilimpika. Krispin alimrudisha kama zawadi ya harusi yetu. Wewe ulikula paja, ukaomba na mchuzi."

Akakaa juu ya gunia la viazi. Maji yalicheza ndani ya kofia, hayakumwagika.

"Krispin alikuja kununua sufu kwetu, akaniambia mchumba wako analia sokoni. Ningefanya nini, nikusubiri ujifunze? Ningekufa kigori. Nilikuwa nimejifunza zamani machungani, nawatazama kaka zangu, kwa spoku za baiskeli. Kofia yako niliifuma siku tisa, nimejificha nyuma ya mawe."

"Mwanamke... sindano..."

"Haya, nikamatwe. Mbona niliandika kila kitu tumboni mwako?"

Akamwinamisha kichwa hadi kwenye mkanda. Fortunato alitazama mbwa wake. Mbwa alikuwa na sufu. Tena sikio moja lilifumwa kwa uzi mweusi.

"Na buibui?" akauliza, sauti ya mtoto.

"Buibui ana miguu minane. Hesabu."

Akahesabu. Mitano. Alihesabu tena akianzia upande wa pili, labda itaongezeka. Zilikuwa sindano tano, na nyuma yake, kile alichokiita mlima kilikuwa mwanamke mwenye sketi.

"Nani mwingine anajua?"

"Wanaume? Hakuna."

"Ah." Akapumua.

"Ila wanawake tunasoma mikanda, baba Eulalia. Ndiyo maana tunaifuma."

Sikukuu zote zile! Harusi zote alizocheza katikati ya uwanja, tumbo mbele, akijigeuza huku na huku ili wote waone! Na kile kikohozi! Wala hakikuwa vumbi.

"Kofia hii umeifuma wewe?"

"Macho yangu yamechoka. Ni Eulalia. Fundo nimemfundisha mimi." Basilia akafungua mlango nusu. "Sasa wewe chagua. Ukiikataa, watataka sababu. Ukitaja fundo, watainua macho juu ya mlango."

Alitoka nje. Eulalia alikuwa amesimama kando ya zizi, amekunja ncha ya shali mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Na Nemesio, mwema wa watu, alikuwa amepiga hatua mbele, mkono kifuani.

"Mzee, kabla hujanywa, dhamiri inanisuta. Kofia hii, ukweli ni kwamba..."

Yesu na watakatifu wake! Fortunato aliidumbukiza pua ndani ya kofia akaanza kunywa. Yalikuwa na ladha ya kondoo, moshi na rangi. Aligugumia.

"...kwamba mimi sikui..."

"Tamu!" Fortunato alipaza sauti, maji yakimtoka puani. "Maji matamu!"

"Mzee, nisikilize, aliyei..."

"Kofia ni kofia! Imekubaliwa! Filimbi ziko wapi? Pigeni ngoma, mnangoja nini? Mkwe wangu, funga mdomo, nzi wataingia!"

Akamalizia tone la mwisho, akaigeuza kofia juu chini na kumvika Nemesio hadi kwenye pua. Wanaume walipigwa na butwaa. Hawakuwahi kumwona akikubali hata hali ya hewa. Wanawake hawakushangaa. Walikuwa wanatazama mkanda wake, wote kwa pamoja, na kile kikohozi kikapita ukutani kuanzia kwa Sabina hadi mwisho.

Jagi aliligeuza chungu cha maua. Vijana wawili kati ya waliorudishwa walikuja kuuliza kama wanaweza kujaribu tena kwa binti wa ndugu yake, akawaambia nusu kikombe inatosha, kofia si mashua.

Baada ya harusi, Nemesio alikuja kumwonyesha mkanda mpya aliofumiwa na Eulalia. Aliutandaza magotini kwa fahari. Milima, nyota, ua wenye vidoadoa vya majivu. Na katikati, mtu mnene kainama, uso umezama ndani ya kofia, macho yamemtoka, matone yakimruka puani.

"Huyu ni samaki, baba," Nemesio akaeleza. "Ishara ya riziki."

Fortunato aliinua macho. Ukutani Basilia na binti yake walikuwa wanasokota uzi, wameinamisha vichwa.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Samaki."