Ng'ombe Aliyepima Maji ya Bwawa

Nilipoajiriwa kutunza bwawa la kuogelea katika hoteli moja karibu na Sotik, nilijua kuogelea kidogo na kubishana sana. Mwenye hoteli alikuwa mkulima wa chai na ng'ombe wa maziwa, na sote tulimwita Mama. Kwa vile huku mvua hunyesha karibu kila alasiri, alilijengea bwawa paa la mabati ili wageni waogelee bila kunyeshewa. Kwamba muogeleaji ameshalowa tayari, hilo halikuwa juu yangu kumwambia.

Maji ya paa hilo yalipitia kwenye gata hadi hori la kunyweshea ng'ombe, nyuma ya ukuta. Bwawa lenyewe halikuonja hata tone. Miaka mitatu maji yalikuwa yale yale. Nilitia klorini, nikatia asidi, nikatia magadi, na kila nilichotia kiliyeyuka kikabaki humo humo pamoja na jasho la wageni. Maji yakaingia ukungu, yakawa na ladha ya machozi. Nikiongeza dawa hayatakati. Nikiongeza tena yanazidi kuingia ukungu.

Basi nikanunua kipimo kidogo chenye umbo la kalamu. Ukikitumbukiza majini, kinakuonyesha wingi wa vitu vilivyoyeyuka humo. Maji ya bomba hayakufika mia. Ya bwawa yalipita elfu tatu. Nilienda kwa Mama mbio.

"Mama, ni kama chai imejaa sukari," nikamwambia. "Hata ukoroge aje, lazima umwage kiasi, uongeze maji."

"Unataka nimwage maji? Hii maji iko na dawa ya miaka tatu! Nani alimwaga maziwa ya mursik juu imekaa sana kwa kibuyu?"

"Lakini kipimo kinasema..."

"Hiyo kalamu yako ilisomea wapi?"

Nilikasirika mpaka masikio yakaniwasha. Wiki mbili nilirudia maneno hayo hayo, na wiki mbili nikaitwa mvivu anayetafuta njia ya mkato.

Kisha Jumatatu moja akaja pasta, ambaye kanisa lake lilikuwa limekodi bwawa kwa ubatizo wa Jumamosi. Alichovya mkono, akaunusa. "Mama," akasema, "sisi tunabatiza watu, hatukaushi samaki."

Mama alicheka naye mpaka kwenye gari. Aliporudi kwangu hakuwa anacheka. "Ijumaa ikifika kama hii maji si safi, wewe rudi Londiani uchimbe viazi." Niliogopa kweli kweli. Viazi vile nilivijua, na ndugu zangu walikuwa wameshatangazia kijiji kizima kwamba niko kwenye utalii.

Kesho yake asubuhi nilikuta mlango wa bwawa wazi. Niliyeuacha wazi ni mimi, sitasingizia mtu. Kwenye ngazi za kina kifupi alisimama ng'ombe bora wa Mama, miguu ya mbele majini, anakunywa. Nyuma ya ukuta hori lilikuwa limejaa maji matamu ya mvua, hayajaguswa. Nilipiga kelele. Akaniangalia, akaendelea kunywa.

Mama alifika mbio na gambuti moja mguuni. Nikangoja kufutwa papo hapo. Yeye akamtazama ng'ombe, akaenda kuchungulia hori, akarudi kumtazama ng'ombe. Huku kwetu kila aliyewahi kuchunga anajua ng'ombe huacha maji matamu kwa sababu moja tu. Mama akachovya kidole bwawani, akakilamba.

"Kumbe hii maji iko na chumvi!"

"Mama, si nimesema wiki mbili..."

"Wewe ulisema kalamu. Huyu ni ng'ombe. Huyu hajawahi kunidanganya."

Siku hiyo hiyo tulimwaga robo tatu ya bwawa, kwenye mtaro ulio mbali na chai. Gata tukaligeuza limimine bwawani, na bomba likafunguliwa mchana kutwa. Mvua nayo haikutuangusha. Ijumaa jioni kibanio cha nywele kilichozama kwenye kina kirefu kilionekana mpaka rangi yake. Jumamosi watu wakabatizwa, na pasta katika maombi ya shukrani akamtaja Mama, akamtaja na ng'ombe. Mimi nilisema amina huku nimeuma meno.

Jumatatu Mama alimleta ng'ombe kwa kamba hadi kando ya bwawa, akamtekea ndoo. Ng'ombe alinusa, akapiga chafya, akageuza kichwa.

"Sasa weka kalamu yako," Mama akaniambia.

Nilichovya. Mia nane. Mama akakisoma kipimo, akamwangalia ng'ombe, akakisoma tena.

"Hiyo kalamu iko sawa," akasema. "Imesema kama ng'ombe."

Nilifurahi kiasi cha kuona haya, maana nilikuwa nimengoja wiki tatu kuaminiwa, na shahidi wangu alikuwa anakojoa kwenye vigae.